Dawa ya Maji ya Samaki wa Kyaruzi

Kila Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye migomba ya Nshambya, Joviana alikuwa ameshafagia uwanja, ameshajaza madumu kwa maji ya bomba na ameshamenya ndizi za mchana. Hapo ndipo alipoigeukia kazi aliyoipenda kuliko zote, yaani kuosha tangi la samaki.

Joviana alikuwa darasa la sita, na kwa usafi hakuwa na mpinzani. Bibi yake wa Kimwani, kule Muleba, ndiye aliyemfundisha kusugua sufuria kwa majivu ya maganda ya ndizi mpaka mtu aone meno yake ndani yake. Tangi nalo alilifanyia vivyo hivyo. Aliwatoa samaki akawaweka kwenye beseni pamoja na maji yao kidogo, akamwaga maji mengine yote, akasugua kioo kwa majivu, akazisugua na changarawe za chini, akasuuza mara moja, kisha akajaza maji mapya kutoka bombani. Kioo kilimeremeta! Mgeni aliyeingia sebuleni alikiona kabla hajamwona mwenye nyumba.

"Dada Jovi, nisogezee karibu," Kyaruzi aliomba kutoka kwenye kochi.

Kyaruzi alikuwa mdogo wake, mwenye miaka minane. Alianguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika mguu, na sasa plasta ilikuwa imempanda mpaka pajani. Mtoto aliyezoea kukimbia tangu asubuhi mpaka anapoitwa kwa fimbo sasa alilala chali akihesabu mabati. Alilia, akasusa chakula, akagombana na kila mtu. Ndipo mjomba wao Kaijage, aliyekuwa akihamia Mwanza, alipowaachia tangi lake la kioo na samaki watano. Tangu siku hiyo Kyaruzi alitulia. Aliwapa samaki majina, akawasimulia hadithi, akala sahani yake yote mradi tangi liwe mbele yake. Mama alipoondoka kwenda Kimwani kumuuguza Bibi, alimshika Joviana bega akamwambia, "Mwanangu, nakuachia Kyaruzi. Asirudie kulia kama mwanzo."

Lakini Jumapili ya kwanza, waliporudi kanisani, samaki mmoja alikuwa akielea ubavu. Jumapili iliyofuata alikufa mwingine. Kyaruzi aliwalilia kama mtu aliyefiwa kweli, na jioni ile hakugusa ndizi za ebitoke wala mchuzi.

"Maji yanahitaji dawa," alisema Johnson, kaka yao wa kidato cha tatu, ambaye tangu aanze kusoma kemia hakukuwa na jambo asilolijua. "Tata, nipe ruhusa niende mjini. Kuna duka linauza."

Baba yao, Fundi Datius, ambaye wote walimwita Tata, alikuwa seremala mwenye maneno machache na randa kali. Alitoa ruhusa. Johnson akarudi na chupa kubwa yenye picha ya samaki wa dhahabu, mkia wake mpana umetanda kama shela la bibi harusi. Alimimina dawa kwa makadirio ya jicho. Maji yakawa maangavu ajabu.

"Mnaona?" Johnson alitamba. "Picha yenyewe inajieleza!"

Siku ya pili yake samaki wa tatu alikuwa amelala juu ya changarawe, mdomo wazi. Tata alimtazama samaki, akamtazama Johnson, akalitazama lile tangi.

"Sikilizeni," alisema. "Sebule yangu si makaburi. Akifa mwingine hata mmoja, tangi hili nalipeleka kwa kaka yangu kule Kaagya akalelee vifaranga. Na Jumapili hii jumuiya inasali hapa kwetu. Sitaki wageni wakute maiti."

Kyaruzi aligeukia ukuta. Hakulia kwa sauti, na hilo ndilo lililomuuma Joviana zaidi. Walibaki samaki wawili tu, Kahawa na Chungwa. Joviana aliwatazama wakipandisha midomo juu ya maji, wakitweta kama mtu aliyepandishwa mlima kwa haraka. Akajisemea moyoni kwamba hawa hawafi. Hawafi, liwalo na liwe!

Kesho yake, alipotoka shule, alikwenda moja kwa moja mjini, kwenye lile duka, chupa ya Johnson mkononi. Muuzaji, dada aliyeitwa Maulida, alikuwa akipanga minyororo ya mbwa ukutani.

"Shikamoo dada. Dawa hii mlituuzia mbovu. Samaki amekufa."

"Marahaba. Mbovu?" Maulida aliigeuza chupa akaisoma nyuma. "Hii haina ubovu wowote. Kazi yake ni kukusanya vumbi lililo ndani ya maji lizame chini. Kwani maji yenu yalikuwa na vumbi?"

"Hapana. Yalikuwa safi kabisa."

"Sasa shida yenu ilikuwa nini?"

Joviana aliitazama ile chupa upya. Alijua samaki wanakufa. Kwa nini wanakufa, hakujua, wala nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kaka yako alikuja hapa akaonyesha kidole, nipe ile yenye picha," Maulida alisema. "Hakuuliza, nami sikumuuliza, nilikuwa na wateja wengi. Hapo nilikosea. Leo sikuuzii kitu mpaka uniambie unataka kuondoa nini kwenye maji. Vinginevyo kesho utarudi hapa unalia tena."

Mwingine angenuna. Joviana alishukuru, akarudi nyumbani kwa miguu huku kichwa kikifanya kazi. Alipofika alifungua bomba, akajaza ndoo, akainama kunusa. Mama wee! Harufu ya dawa ilimpanda puani. Tangu mvua zianze harufu hiyo ilikuwa imezidi, ila walikuwa wameizoea na hakuna aliyeijali tena.

Asubuhi alimsubiri Mwalimu Georgina, mwalimu wao wa sayansi, nje ya ofisi.

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba maji ya bomba yanatiwa klorini ili iue vijidudu. Na samaki je?"

Mwalimu Georgina aliweka mkoba chini. "Swali zuri. Sisi tunayanywa maji, na kiasi kile hakitudhuru. Samaki anayapumua. Klorini inamuunguza matamvua, zile nyama nyekundu za pembeni mwa kichwa anazopumulia. Fikiria wewe kukaa mchana na usiku ndani ya moshi."

"Kumbe ndiyo maana wanatweta!"

"Inawezekana kabisa. Lakini uhakikishe, usikisie tu."

Siku hiyohiyo Joviana alirudi dukani, safari hii kifua mbele. "Dada Maulida, nataka dawa inayoondoa klorini."

Maulida alicheka kwa furaha, akampangia chupa tatu mezani. "Haya, soma mwenyewe."

Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiingereza na Kichina, lakini Joviana hakuona haya kusoma pole pole kwa kidole. Ya kwanza ilikuwa ndugu ya ile ya Johnson, ya kuondoa vumbi. Ya pili ilikuwa ya kutibu samaki wenye ukungu mwilini, na ilitia maji rangi ya buluu ya kupendeza. Ya tatu, ndogo, nyeupe, haina picha yoyote, iliandikwa kwamba inaondoa klorini kwenye maji ya bomba, ikaeleza na kiasi cha kutia kwa kila lita. Aliichukua hiyo.

"Mbona hata picha ya dagaa haina?" Johnson alimdhihaki nyumbani.

"Samaki hawasomi picha," Joviana alijibu, na Kyaruzi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Joviana hakukadiria kwa jicho. Alipima dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akaitia kwenye ndoo nyekundu ya maji ya bomba, akakoroga, akasubiri, akanusa. Harufu ilikuwa imekwisha. Aliwahamishia Kahawa na Chungwa humo, akaweka na mpira wa pampu ya hewa iliyokuja na tangi. Kufikia jioni samaki waliacha kutweta. Ijumaa walikuwa wakifukuzana, na Jumamosi walikula punje zote alizowatupia Kyaruzi. Tata alipita na mbao begani, akachungulia ndani ya ndoo, akaguna. Kwa Fundi Datius mguno ule ulikuwa pongezi, na kule kwenye karakana yake aliwatangazia watu kuwa binti yake amepata dawa ya samaki, waje Jumapili wajionee.

Basi Jumamosi Joviana alilifanyia tangi usafi ambao halijawahi kuupata. Wageni wanakuja! Alisugua kioo kwa majivu, akazisugua changarawe, akasuuza, akajaza maji ya bomba, akapima dawa ileile kwa uangalifu uleule. Jumapili, waliporudi kutoka ibadani, aliwahamisha samaki kutoka ndooni na kuwarudisha tangini pamoja na mpira wao wa hewa. Kyaruzi alipiga makofi. Joviana akaenda jikoni kuchemsha maua ya rosela, kinywaji chekundu cha wageni.

Hakuwa hata ametia sukari alipomsikia mdogo wake akiita kwa sauti ya kukatika, "Dada Jovi! Dada Jovi, njoo! Wanatweta!"

Joviana alikimbia. Kahawa alikuwa juu kabisa, mdomo nje ya maji. Chungwa alikuwa akiyumba, ubavu mmoja umeinuka. Alitumbukiza bakuli, akawateka wote wawili, akawarudisha kwenye ndoo nyekundu, akakaa chini sakafuni akishika tama.

"Nilisema mimi," Johnson alianza. "Kichupa kile..."

"Nyamaza kidogo, kaka. Nafikiri."

Maji ya ndoo na ya tangi yalitoka bomba moja. Dawa ilikuwa moja na kipimo kimoja. Ndooni samaki wanacheza, tangini wanakufa. Kwa hiyo kuna kitu tangini kisichokuwamo ndooni, na dawa ya klorini haikiondoi. Kitu gani? Macho yake yalishuka kwenye mikono yake mwenyewe. Viganja vilikuwa vimechubuka na kukauka, kama kila anaposugua sana kwa majivu.

Hapo akakumbuka somo la asidi na besi. Mwalimu Georgina aliwaonyesha jinsi maji ya rosela yanavyobadilika rangi yakitiwa kitu kikali kama majivu. Joviana alichukua glasi tatu. Kwenye moja alitia maji ya ndoo, kwenye ya pili maji aliyoyateka chini kabisa katikati ya changarawe, na kwenye ya tatu maji ya kawaida yenye kijiko cha majivu. Akadondoshea rosela katika zote. Glasi ya ndoo ilibaki nyekundu. Ya majivu iligeuka kijani kibaya chenye weusi. Na ile ya changarawe, taratibu mbele ya macho yao, nayo ikaacha wekundu, ikawa ya zambarau na kuelekea kwenye kijani kilekile.

Johnson alizitazama glasi.

"Ni mimi," Joviana alisema taratibu. "Klorini ilikuwamo, ni kweli. Lakini na majivu yangu yamo. Kila Jumamosi nimekuwa nikiwatilia sumu kwa mkono wangu."

Machozi yalimlengalenga, ila hakuyapa nafasi. Wageni walikuwa wakikaribia, na Tata aliingia akirekebisha kola ya shati.

"Mbona tangi tupu? Warudisheni samaki, watu wako njiani."

Joviana alipiga magoti kama afanyavyo kila anapotaka kusema na baba yake jambo zito. "Tata, naomba unisamehe. Samaki hawawezi kuingia tangini leo." Akamweleza yote, majivu na glasi, bila kuficha kitu.

Tata alisikiliza huku akitazama saa. "Sawa, nimekusikia. Lakini watu nimewaita mimi mwenyewe. Niwaonyeshe ndoo? Watie tu mpaka sala iishe, halafu uwatoe."

"Sala ikiisha watakuwa wameshakufa, Tata."

"Joviana!"

"Nakuheshimu, Tata. Ukitaka nipe adhabu, nitaipokea. Lakini sitawatia."

Hakuna mtoto wa Fundi Datius aliyewahi kumkatalia namna hiyo, na Johnson alijibanza mlangoni akingoja radi. Tata alimtazama binti yake aliyepiga magoti, kisha akamtazama Kyaruzi, ambaye alikuwa ameikumbatia ile ndoo kwa mikono yote miwili, plasta yake imenyooka mbele. Nje watu walishaanza kubisha hodi.

Tata alivuta pumzi. Akainama, akaibeba ndoo nyekundu yeye mwenyewe, akaiweka katikati ya sebule juu ya meza yenye kitambaa cheupe cha kufuma.

"Karibuni, waitu, ndugu zetu," aliita. "Karibuni ndani."

Mzee Ishengoma, mwenyekiti wa jumuiya, ndiye aliyeingia wa kwanza. Alisimama mbele ya ndoo, akavua kofia.

"Fundi, hukutuambia kwamba leo kuna ubatizo."

Watu waliangua kicheko, na Tata naye, kumbe, akacheka. Joviana alitamani ardhi ipasuke. Wageni walikaa, wakapokea kahawa ya kutafuna, wakaimba, wakasali. Baada ya neno la Mungu, Mzee Ishengoma aliuliza tena kuhusu ndoo, na safari hii Tata alisimama.

"Ndugu zangu, niliwaita mje muone tangi linalong'aa. Tangi lile pale, linang'aa kweli, na humo ndani hakuna kiumbe kinachoweza kuishi. Samaki watatu wametufia. Walipoanza kufa, mimi nilitoa ruhusa inunuliwe dawa, na mwanangu mkubwa akachagua yenye picha nzuri. Hakuna kati yetu aliyeuliza samaki wanaumwa nini. Huyu binti aliuliza. Akakuta tatizo la kwanza, akachagua dawa yake, ikafanya kazi yake. Wakaanza kufa tena. Angeweza kuilaumu dawa, angeweza kumlaumu muuzaji. Yeye akajikagua, akakuta tatizo la pili ni mkono wake mwenyewe, akaja kuniambia wageni wakiwa mlangoni. Nami nilitaka afiche. Nasema mbele yenu, nilikosea."

Aligeuka kwa watoto wake. "Johnson, Joviana, Kyaruzi, sikieni. Kabla hamjachagua dawa, iwe ya samaki, ya ng'ombe au ya mtu, jueni kwanza mnatibu nini. Someni kazi yake, pimeni kiasi chake. Na mkigundua kwamba kosa ni lenu, semeni mapema, kabla halijaua."

"Ndiyo, Tata," walijibu wote watatu, na Johnson alijibu kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Joviana alipita akigawa rosela. Aliwaeleza watoto wa wageni, waliokuwa wamebanana kuizunguka ndoo, kwamba kesho atazisuuza changarawe kwa maji mengi, tena na tena, mpaka rosela ibaki nyekundu, na kwamba kuanzia sasa atabadilisha maji kidogo kidogo, si yote kwa mara moja. Kahawa na Chungwa walizunguka ndooni bila kutweta. Kyaruzi aliwaonya watoto wasitie vidole, kwa ukali wa mtu mwenye mali yake.

Watu walipoanza kuaga, Mzee Ishengoma alibaki amekaa. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa karatasi ya vidonge iliyobaki nusu, akamwonyesha Joviana.

"Mjukuu wangu, macho yako ni mazuri. Hizi alinipa jirani kwa ajili ya goti langu. Nimekuwa nikimeza asubuhi na jioni. Hebu nisomee, ni dawa ya nini?"

Joviana alipiga magoti akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi yalikuwa yamekatika pamoja na vidonge vilivyokwisha kumezwa, na jina halikusomeka.

"Babu, sijui," alisema. "Haisomeki. Na jirani yako naye huenda hajui."

Mzee alivitazama vile vidonge kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Kisha akavitia katika mfuko mwingine, si ule wa mwanzo.

"Basi leo jioni simezi," alisema akiinuka kwa fimbo yake. "Kesho asubuhi nitakwenda zahanati, nikaulize kwanza naumwa nini."